Daftari la Vipimo

Cherehani yangu iko barazani kwa Mwanahija,
pua kwa pua na taa za Kanyenye.
Sina saa. Saa yangu ni uzi.
Kwa hiyo nikisema nimepima, nimepima:

taa nyekundu ya wenye miguu
ni upindo wa suruali, mguu wa kulia na wa kushoto,
na kukata uzi, na kupuliza vumbi.
Taa ya kijani
ni kifungo kimoja.
Tena kifungo cha matundu mawili.

Bi Kalunde alikuwa na hatua thelathini na moja
kutoka ukingo huu hadi ule,
beseni la karanga kichwani, goti likilia kama bawaba.
Taa ilimpa kumi na tisa.
Zile kumi na mbili alizikopa
kwa lori la tumbaku,
na lori halikopeshi bila riba: honi,
tusi, joto la injini kwenye kanga.
Nimemwona amebaki katikati
juu ya mstari mweupe usiozidi unyayo,
magari yakimpepea mbele na nyuma
kama nguo iliyosahauliwa kambani.
Karanga hazikumwagika. Alifika, akasema tu,
"Fundi, leo nimechelewa kufa."

Nguzoni kuna kitufe. BONYEZA, SUBIRI.
Vidole vya wanafunzi vimekisugua
mpaka kinang'aa kama sarafu mpya.
Siku moja nilizunguka nyuma ya nguzo kuokota bobini,
nikaona tundu la kupitishia waya.
Waya hamna. Manyigu wamejenga.
Sikuwaambia watoto.

Mwezi wa sita akaja kijana wa fulana ya njano,
kiti cha plastiki, kihesabio mkononi:
tik, gari dogo. Tik tik, bodaboda. Tik, lori.
Siku tatu juani. Nikampelekea maji,
nikamwuliza, sisi unatubonyeza wapi?
Akapekua fomu, mbele, nyuma,
akaona haya, mtoto wa watu, Nkwabi jina lake:
"Fundi, hamna safu yenu."

Barabara ikapanuliwa.
Wakamega baraza ya Mwanahija, hatua tano zangu,
saba za Bi Kalunde,
ili gari likate kushoto bila kusimama.
Sasa anazo thelathini na nane.
Kifungo ni kilekile.

Na mji wenyewe ndio huu, Tabora,
uliojulikana kwa nyayo kabla ya reli!
Babu wa babu yangu alibeba pembe
kwa miguu hadi Bagamoyo, akarudi kwa miguu,
visigino vimekuwa gome la mninga.
Siisifu safari ile; mzigo haukuwa wake.
Lakini njia ilikuwa na upana wa mtu.

Jumanne nikachoka.
Tepu shingoni, chaki mkononi, daftari kwapani,
nikashuka barabarani, kwetu ikiwa nyekundu,
nikainama nikaanza kupima.
Tepu nzima, alama. Tepu nzima, alama.
Magari yakasimama.
Yote.
Dereva wa lori akazima injini, akavua kofia:
"Mhandisi, mnapanua tena?"
Sikumjibu, nilikuwa na pini mdomoni.
Nikapima polepole, kama ninavyompima bibi harusi,
na nyuma yangu Bi Kalunde akapita,
akasimama katikati, akabadilisha mkono wa beseni,
akamsalimia mtu,
akaendelea.

Jioni nikaandika,
chini ya sketi ya mwalimu Nyanzobe
na kaunda suti ya msiba wa Kachoma:
Barabara. Tepu kumi na nne na nusu.
Malipo: bado.
Maelezo: inapwaya. Ipunguzwe.