Mama wa Falaji

Karani wa Nizwa aliniuliza dini
bila kuinua macho.
Nikanyamaza. Foleni nyuma yangu ikaguna.
"Masihi," akajijibu, akabonyeza, akagonga muhuri,
nikarudishwa zizini
ambamo niliruka ua usiku.
Ningemwambiaje: ndugu, andika "aliyekuwa"?

Makueni nilibatizwa na miaka minane,
maji hadi kifuani, meno yakigongana.
Nilipotimiza kumi na tisa wakaniita Mzee.
Mzee Ndambuki! Ndevu hazijaota,
shati jeupe, tai, bamba jeusi lenye jina,
Mmormoni mdogo nabisha hodi Jinja miaka miwili,
naahidi kila nyumba kwamba kifo ni pazia,
kwamba waliofungwa pamoja hekaluni hawafunguki.
Niliamini. Msinicheke.
Niliamini kama mtu anavyoiamini ngazi
akiwa juu yake.

Sasa napima damu hospitalini, zamu ya usiku,
na alasiri ya Alhamisi Bi Zuweina wa chumba cha dawa
hunialika kwake, yeye na mumewe asiyesema.
Kiswahili chake cha Wete hakijaota kutu.
Finjani yangu ya kwanza ya kahawa niliinywa pale,
nina miaka thelathini na minne,
mkono ukitetemeka kama wa mwizi.
Kwetu kahawa ilikuwa mwiko.
Alicheka hadi ushungi ukamteleza:
"Kahawa? Basi huko kwenu mlikuwa mnaamshwa na nini?"

Kisha akaacha kucheka.
"Umetoka dini yenu, sawa. Mimi hata siijui.
Lakini umekwenda wapi? Mtu hatoki tu."
"Nimesimama uani."
"Uani jua kali."
"Ndani kulikuwa na moshi."

Akanipeleka falajini. Watoto wametumbukiza miguu,
mtu anaosha zulia.
"Maji haya yana kisima chake mlimani, chini kwa chini,
kinaitwa mama wa falaji. Mimi sijakiona.
Mkwe wangu amekufa hajakiona.
Mitende inakunywa."
Nikasema, "Kimechimbwa na watu.
Walikuwa na njaa, walikuwa na majina,
pengine mmoja alifukiwa humo. Nawashukuru hao."
"Na mvua? Waliichimba wao?"
Nikatafuna tende.
Jibu lilinijia njiani, peke yangu, na lilikuwa zuri,
lakini jibu la namna hiyo ni dawa iliyofika matangani.

Wala si hoja zilizonitoa.
Ni usiku mmoja Jinja, mtoto wa watu ana homa,
tukamwekea mikono kichwani, mafuta kidogo,
na kinywa changu hiki kikamwahidi mama yake: atapona.
Akazikwa Jumanne.
Kiongozi akasema imani ilipungua.
Ya nani? nikauliza.
Kila chupa ya damu ninayoibandika jina
nauliza bado.

Jumapili usiku mama hupiga simu.
Hakemei. Husema tu:
"Kule milele, mezani, kiti chako kitakuwa kitupu.
Nitakitazamaje, Ndambuki?"
Nina hoja kumi na moja.
Hakuna hata moja inayoweza kukaa kwenye kiti.
Kisha husema, tuombe,
nami huku, muumini wa fomu,
nainamisha kichwa. Sijui namwinamia nani.
Sauti yake, labda.
Namsikia akilitaja jina langu
kama anayemkabidhi utingo mzigo usiofungwa vizuri,
akimsihi asiudondoshe.

"Amina," akasema juzi. Akangoja.
Kimya kikaja kutoka mbali, chini kwa chini.
Nikakohoa.

"Hewa ya huko kavu, mwanangu," akasema.
"Kunywa maji."