Pambizoni

Alhamisi Kuu, Mbweni. Napangusa kabati la sakristia.
Nondo wamekula kanzu mbili na nusu ya ya tatu,
na chini yake nakikuta kitabu cha sala cha babu,
Mwalimu Lawrensi Feruzi,
jalada limefura kwa unyevu.

Kinafunguka chenyewe palipozoea kufunguliwa:
Ijumaa Kuu. Kuwaombea maaskofu. Kuwaombea wagonjwa.
Kisha ile ya Wayahudi, na neno lake kali,
na juu ya neno mstari wa wino, mmoja, umenyooka,
kama wa mtu anayesahihisha daftari la mtoto.
Pambizoni, kwa mwandiko wake wa ubaoni:
Na mama yake je?

Nakaa sakafuni.

Baba yake babu alishushwa pwani hii na manowari
akiwa na umri wa miaka sita, labda saba.
Wakamwosha, wakamvika, wakamuuliza jina.
Akalitaja. Karani hakulipatia herufi,
akaandika Feruzi.
Lile la kwanza alilisema usingizini mpaka uzeeni,
na kulipokucha halijui.

Kwa hiyo watu wa mjini waliposema
mwacha asili ni mtumwa,
babu aliweka kikombe chini:
"Sisi hatukuiacha. Tuliachishwa,
tena ziwa bado lina maziwa."

Lakini Kanisa, nani alilikamata?
Nani alilifunga, akalipakia?
Lilitoka nyumbani kwa miguu yake,
likapata marafiki wenye majumba,
likaihesabu Pasaka upya
isije ikaangukia siku moja na ya mama,
na neno lenyewe, Pasaka, likabaki shingoni
kama hirizi ambayo mvaaji hajui nani aliifunga.

Siku ya nane wembe ulimgusa.
Katika kalenda ya babu ilikuwa sikukuu,
Tohara ya Bwana, Januari mosi.
Yangu, ya ukutani, ya duka la saruji,
inasema Mwaka Mpya.
Na ile siku yake ya kupumzika, sisi twaiita mosi:
siku ya kufua, ya kwenda Mwanakwerekwe kununua nazi,
ya kupaka chokaa makaburi ya waliobatizwa.

Bi Kazija ananiita dirishani.
Sahani imefunikwa kawa; binti yake leo katoka arubaini.
Namwambia, "Hata mama yake Bwana wetu aliikaa,
akatoka na makinda mawili ya njiwa."
Anacheka, anashika kiuno.
"Angeacha kuikaa? Mtu wa nyumba ya sheria yule!
Nguruwe hali, mwana kamtahiri, funga anaijua.
Kwani nyinyi arubaini yenu mliiangusha wapi?"

Natafuta jibu. Napokea sahani.
Pilau ina moto bado, bizari imepanda puani,
na mimi nimefunga.

Vitabu vipya vimelibadilisha lile neno.
Vimeweka jingine, laini, mahali pale pale,
wala havisemi kwamba la kwanza lilikuwepo.
Babu hakulifuta. Alilikata
kwa namna ambayo bado lasomeka.
Nadhani alitaka tulione.
Au wino ulikuwa kidogo, sijui;
alikuwa mtu wa kubana wino.

Nakumbuka jambo. Tulikuwa watoto, benchi la tatu,
tunabanana, tunangoja Ijumaa ile ndefu iishe.
Kila mwaka akifika kwenye sala hiyo
babu alishikwa na kikohozi.
Kikohozi kirefu, cha kuinama,
hata padri akainua macho;
kisha huyo, anaendelea na sala inayofuata.
Tukasema ni ubani. Bibi akamchemshia tangawizi.
Miaka ishirini ya tangawizi.

Nakifunga kitabu, nakitia kwenye kikapu changu,
si kabatini.

Kesho msomaji ni mimi.
Hicho kipya kitakuwa mbele yangu, safi, hakina pambizo la kutosha.
Nitafika pale.
Kifua changu kizima.
Nitakohoa.