Raia, Mtu Mzima, Mmoja

Ijumaa jioni tulishuka Nairobi, mimi na Jerotich,
mtihani wa magonjwa ya mifugo nyuma yetu
na shilingi elfu nne tulizozigawa kwenye soksi mbili.
"Tulia," aliniambia, "huu mji naujua kama kiganja changu."
Kiganja kikatupitisha Luthuli, kikatutoa Kirinyaga,
kikaturudisha Luthuli, mbele ya duka lile lile la spika
ambako kijana alishaanza kutupungia mkono kama jamaa wa ukoo.
Sikusema kitu. Mgeni hana mdomo.
Baadaye akakiri, akichekea kwenye kola ya koti:
alifika mara moja tu, darasa la saba,
basi la shule, wakaona mamba, wakarudi Kapsabet.

Gesti ilikuwa ghorofa ya nne.
Ufunguo umefungwa kwenye kipande cha mbao kinachotosha kupikia chai;
maji saa kumi na moja alfajiri, ukilala yamekupita.
Usiku kucha muziki wa baa ulipanda ngazi
ukalala nasi bila kulipia kitanda.

Jumamosi nilitaka sweta. Njoro ina baridi
ambayo sisi Ujiji hatujaipa hata jina.
Gikomba, kwenye rundo la mitumba, nikauliza:
"Samahani kaka, hili unauzaje?"
Muuzaji akanyooka. Akamwita mwenzake,
mwenzake akaita wa tatu.
"Sema tena. Sema chochote. Sema 'naomba'."
Nikasema naomba. Wakapiga makofi.
Nikamwamkia mama wa uji shikamoo, akaangusha kata.
Kutwa nzima nilikuwa redio ya jirani,
kila mtu anageuza kitufe aipate ile stesheni,
na sweta, la kijani, limetoboka kiwiko, nikapunguziwa nusu
kwa sababu ya irabu zangu tu.
Wao wakisema, nilidaka neno moja kati ya matano;
yale manne niliyajibu kwa meno.

Saa tisa tukasimama kwenye dirisha la KICC, tupande juu.
Bei zipo ubaoni, safu mbili:
raia,
wasio raia.
Niliisoma ya pili, nikaona nauli na chakula cha jioni
vinaondoka vimeshikana mikono.
Jerotich akanibana kidole. "Usifungue mdomo."
Kisha, dirishani: "Wawili."
"Na huyu?"
"Dada yangu. Ana jino."
Nikashika shavu. Hakuna aliyenituma kushika shavu,
na kweli likaanza kuuma.
Mama wa tiketi alinitazama kama anayesoma maandishi madogo,
akachana mbili.
"Pole, mama. Ukifika nyumbani usuuze na maji ya chumvi."
Asante ilishafika kwenye ulimi, asante ya kwetu, ndefu,
ile yenye sana mwishoni.
Nikaimeza.

Juu kulikuwa na upepo na mlinzi mmoja.
Jerotich aliitafuta Kapsabet. Mimi nilitafuta ziwa langu
upande ambao mawingu yalikuwa yamefunga duka.
Chini, mabati ya Gikomba yalimeta
kama dagaa walioanikwa Kibirizi saa nne asubuhi,
nikataka kumwambia, na mlinzi yuko hatua mbili.
Nikaonyesha kwa kidole.
"Nini?"
Nikaonyesha tena.
"Mabati," akasema.
Nikatikisa kichwa.
"Ni mabati, wewe!"
Siku niliyoombwa maneno tangu asubuhi,
hili moja nililotaka kulitoa bure lilikosa mlango.

Jumapili makorongo yalisimama juu ya migunga ya Barabara ya Mombasa
kama wazee wa baraza walioitwa kikao kisicho na ajenda.
Tulikula chapati moja, tukaikata katikati kwa ufunguo wa gesti
tuliosahau kuurudisha.

Bwenini wakamuuliza Jerotich, "Nairobi vipi?"
Akawachorea barabara hewani, moja moja,
bila kupotea hata kona.
Mimi nilifungua pasi yangu. Kati ya muhuri wa Isebania
na ukurasa mtupu nikaiweka tiketi:
RAIA. MTU MZIMA. MMOJA.

Halafu nikachemsha maji, nikatia chumvi,
nikasuuza.