Herufi M Imejaa

Jumamosi, Mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya pili,
chini yetu duka la mabomba, juu yetu matangi ya maji,
nilimwambia Injinia Kahatano: leo sichori,
leo naipanga kibodi upya.
Akaitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake.
"Njia ya mwongo ni fupi," akasema.
Na ya mwenye ramani sita za kukabidhi Jumatano, je?

Miaka tisa nimegonga L nikitaka mstari,
C nikitaka mduara, E nikitaka kufuta.
Mkono wa kushoto ulijifunza Kizungu
bila kuniaga.

Nikafungua orodha ya amri,
ndefu kuliko daftari la madeni la Mangi.
M, nikaandika, kwa mstari.
M kwa mlango. Ngoja, pana mtu.
M kwa mduara, M kwa mraba,
mpaka, mfereji, msingi, mhimili,
looh!
Lugha yangu, kumbe umewakalisha wote baraza moja!
Kiwanja kimoja, watu thelathini,
na kila mmoja ameshika hati.

Tupokigwe, aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo,
mwezi wa pili huu na bado anaogopa kukaa,
akasema kwa sauti ya chini:
"Dada, si tuwavue kofia?"

Tukawavua.
Mstari akabaki S, mlango akabaki L,
mduara D, mraba R.
Msingi alipofika akakuta S ina mwenyewe,
tukampa herufi mbili, akatulia.
Dirisha, ambaye hakuwahi kuvaa kofia,
akamkuta mduara kitini kwake
akanuna hadi saa nane.
Vitenzi havikutusumbua.
Futa, kata, nakili, zungusha:
vitenzi huja vimejipanga,
kila kimoja na jembe lake begani.

Zikabaki mbili ambazo silabi zetu hazizijui.
Q nikaipa kazi ya kuhifadhi,
maana umeme wa Kariakoo hauagi.
"Na X?" akauliza Tupokigwe.

X, tangu programu itoke dukani, huvunja.
Unaugusa ukuta, unagonga X,
na kilichokuwa kitu kimoja
kinakuwa vistari vinne visivyojuana.

Mwaka ule wa barabara, Kimara,
alikuja kijana na kopo la rangi nyekundu,
brashi ya inchi tatu.
Alimwamkia mama. Akaomba maji.
Akanywa, akashukuru, akarudisha kikombe kwa mikono miwili,
kisha akaandika chini ya dirisha la jikoni.
Rangi ikachuruzika hadi kwenye ndoo ya vyombo.
Mama, aliyejua kusoma kwa elimu ya ngumbaru,
alisimama akiitazama, upawa mkononi.
"Hii herufi gani?" akaniuliza.
"Mbona sisi hatukufundishwa?"

"Iache tupu," nikamwambia Tupokigwe.
Injinia akasema kitufe kitupu ni hasara.
Sikumjibu. Nikabonyeza Q.

Jumatatu mkono ukasahau yote.
Nikitaka mstari, napata mlango:
mlango katikati ya sebule ya mteja wa Goba,
mlango juu ya bafu, mlango barazani
unaofunguka kuelekea hewani.
Tupokigwe alicheka hadi akakaa.

Saa tano hivi, kwa haraka, kwa mazoea,
kidole kikaenda chenyewe kwenye X.
Ukuta wa jikoni nilikuwa nimeugusa.
Ukabaki umesimama.

Nikabonyeza tena.
Nikabonyeza tena, polepole, kisha kwa nguvu,
hadi Injinia akainua kichwa
akauliza kama kibodi imeharibika.