Tasnifu Juu ya Kabati

Mama ameiweka juu ya kabati la vyombo,
ameifunika kitambaa cha kufuma
kama alivyoifunika redio ya marehemu baba.
Kurasa mia tatu na kumi na mbili
juu ya fukusi wa mkonge.
Jirani akija na miguu iliyovimba
huambiwa, "Ngoja, daktari yumo ndani."
Natoka. Naushika mguu wa Bi Mwantumu
mimi nijuaye maradhi ya jani tu.

Mjomba Shekiondo, karani mstaafu wa bandari,
hesabu yake fupi:
miaka saba, ada, nauli za Morogoro.
"Kiti kiko wapi? Gari liko wapi?"
Barabara ya Kumi na Mbili nzima inamsikia,
na chai yangu inapoa.

Msimamizi wangu alisema, akifuta miwani kwa tai:
"Hiki si cheo. Ni leseni ya kuuliza
bila kumwomba mtu ruhusa."
Nikauliza bila ruhusa, sura ya tatu.
Ikarudi imechinjwa kwa wino mwekundu.

Hizza alitaka apandishwe daraja kazini.
Nasra, tukimenya machungwa, alisema,
"Mie nilikuwa naikimbia ndoa."
Kwenye fomu tuliandika sote: maendeleo ya taifa.

Uzamivu, wameuita.
Aliyezama huulizwa ameibuka na nini;
hakuna amuulizaye huko chini kulikuwaje.

Kulikuwa na tochi kichwani, saa nane usiku,
mche mmoja nimeupasua kwa kisu cha mboga,
na yai, dogo kuliko punje ya mtama,
limekaa pale ambapo vitabu vyote
vilisema haliwezi kukaa.
Nikacheka peke yangu shambani.
Mlinzi akasoma Ayatul Kursiy.

Jumanne nilirudi Pongwe na matokeo.
Kilua alikuwa anakata, viganja vimechanjwa na miiba.
"Mdudu amekufa?"
"Hajafa."
"Miaka saba?"
"Saba. Ila sasa najua hutaga wapi,
na mwezi gani."
Hakujibu. Akahesabu majani,
thelathini, akafunga.
Thelathini, akafunga.
Jua likanipanda utosini,
nikaanza kutafuta maneno ya kuagia.

Akaliweka panga chini.
"Mwezi gani?"