Mchoraji wa Kofia

*New Orleans, 1921*

Kijana wa gazeti, weka kalamu chini kwanza.
Umesema niliwaokoa yangeyange.
Andika hili kabla ya hilo:
miaka kumi na moja nilichora kofia
za katalogi ya Bwana Kessler, Mtaa wa Dauphine,
na wino wangu ndio uliowauza.
Unyoya nilijua kuuchora hata ukapepea
na karatasi imetulia tuli.
Wanawake waliikata picha, wakaja nayo dukani:
nataka hii, hii hasa, yenye ukungu mweupe juu.

Manyoya yalikuja kwa sanduku, yamefungwa uzi,
yamepimwa kwa wakia kama dhahabu.
Siku moja uzi ulikuwa na damu iliyokauka.
Nikamuuliza mleta mzigo, Alcide Robichaux,
ndege huyu hufaje?
Akacheka. "Bibi, njoo uone."

Sitakueleza kinamasi. Mbu unawajua.
Nitakueleza sauti:
makinda mia, midomo wazi,
wakiita juu, na juu harudi mtu.
Manyoya yale huota msimu wa kulea tu.
Ni vazi la harusi, kijana.
Tulikuwa tukiwavua wazazi vazi la harusi
pamoja na ngozi.
Alcide hakucheka tena. Alitazama buti zake.

Nikarudi, nikachora kofia niliyoagizwa,
utepe, ukingo, kila kitu sawia,
ila mahali pa unyoya nikaweka kiota
na vinywa vinne.
Kessler alinifukuza kabla wino haujakauka.
Hortense Villeré, mwalimu wa shule ya wasichana,
akaandika mstari mmoja chini yake:
*Bibi, umevaa mama wa nani?*
Tukachapa mia tatu usiku, kwa mashine ya kuazima,
tukazibandika kwenye milango ya opera.

Mmoja alinitemea mate. Wengi walipita.
Mmoja, jina simjui, aliivua kofia pale ngazini
akaishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake.

Sheria ilikawia, ikaja na wanaume
waliopigwa picha wakipeana mikono.
Andika, ukipenda, kwamba mchoro ulisaidia.
Mchoro ulisaidia pande zote mbili.

Siku hizi mmoja husimama mtaroni, nyuma ya jiko,
kwa mguu mmoja, mweupe, hanijui.
Huyo sijamchora.