Sumaku

Inauzwa.
Nimeandika kwa chokaa, nikautundika ubao langoni,
Katuba, nyumba ya tatu kutoka kwa mshona majeneza.
Jana mbuzi wa jirani alilamba herufi ya mwisho.
Inauzw. Basi na isomwe hivyo.

Korveti, mwaka wa sitini na tatu.
Nani aliileta mjini sijui. Mtu wa reli? Daktari wa meno?
Mimi niliikuta uani kwa mjane Kafwaya,
kuku wakitagia penye viti,
mpapai umechomoza palipokuwa injini.
Nikalipa magunia mawili ya unga wa mahindi;
mapapai tulikubaliana ni yake.

Miaka kumi na tisa.

Sitakuficha kitu, mnunuzi.
Injini ya silinda nane ilivuka Kasumbalesa
ndani ya friji bovu, usiniulize zaidi.
Kipimo cha mafuta ni cha Pejo, kinasema nusu:
tanki likijaa, nusu, likikauka, nusu,
kama kampuni ilivyokuwa ikitujibu siku ya mshahara.
Viti alivishona huyo huyo wa majeneza, ngozi nyekundu,
ndiyo maana ukiketi unanyamaza.
Jina la ubavuni nililiyeyusha mwenyewe, kwa shaba,
usiku, uani, moto mmoja na Numbi
aliyekuwa akisonga bukari na kunisuta.
Honi ni yake ya kuzaliwa. Hiyo sikuigusa.

Jumamosi alikuja bwana mmoja wa Kolwezi, viatu vyeupe,
sumaku mfukoni, maana wajanja hupima hivyo
kujua palipozibwa gundi na kupakwa rangi.
Akaigusisha mlangoni: ikaanguka.
Kwenye paa: ikaanguka.
Kwenye boneti: ikaanguka, pu, katika vumbi jekundu.
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.
"Mzee, hili gari lako ni udongo."

Nikamwambia, lilizaliwa hivyo.
Nyuzi za kioo na gundi. Chuma ni mifupa, ngozi si chuma.
Na wewe, mtu wa shaba, unayelala juu ya shaba,
umewahi kuona shaba ikiitika sumaku?

Nikamwambia pia habari za ile miaka ya njaa,
wanunuzi wa vyuma chakavu walipopita na mizani,
wakabeba vifuniko vya mifereji, vitanda vya zahanati,
kengele ya shule na ulimi wake.
Walifika hadi kwa Kafwaya. Wakang'oa injini.
Mwili wakaujaribu kwa sumaku, ikaanguka,
wakatema mate. Mwili ule haukuwa na kilo.
Wakauachia kuku.

Akacheka kidogo, bwana wa Kolwezi,
akataja nusu ya bei.
Nusu! Kama Pejo.

Kwa nini nauza? Wote huuliza hilo wakipiga tairi teke.
Ni magoti.
Kiti kiko shibiri moja kutoka ardhini.
Kuingia, ninajiachia tu. Kutoka, mpaka Numbi aje
aning'oe kwa mikono miwili kama muhogo.
Jumapili iliyopita alining'oa, akateleza,
tukalala chini wote wawili, tumevikwa maua ya jakaranda,
tunacheka hadi machozi,
na zile silinda nane zinanguruma peke yake,
hazina dereva, hazina habari.
Alipomaliza kucheka akafuta macho kwa kitenge,
akasema: leta ubao.

Wa Kolwezi hajarudi. Sumaku yake aliisahau.
Imenata langoni, kwenye bati;
msumari ulipotoka, ndiyo inayoshikilia tangazo.

Wewe ukija, njoo mikono mitupu.
Gonga kwa kifundo cha kidole, hapo juu ya gurudumu,
usikie inavyojibu, kavu, kama kibuyu.
Kisha ingia, uketi.

Kutoka tutakusaidia.